Sauti za Upande wa Kushoto

Milanzi, Sumbawanga
17 Septemba 2024

Kaka Oswaldi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta unaendelea vizuri, na kwamba mguu ulioumia kwenye mashine ya kupukuchua sasa unakanyaga bila fimbo. Wifi Fransiska ameniambia uliacha kuufunga dawa ulipoona kidonda kimekauka juu. Tafadhali ufunge. Sisi huku juu ni wazima. Baridi imepungua, vumbi limeanza, na yale mabati mawili ya jiko langu yameng'oka tena palepale ulipoyapigilia. Mama mkubwa anakusalimu. Ameniuliza mara mbili kama huko bondeni bado unakula ugali wa ulezi au umeshakuwa mtu wa wali. Nilimjibu kwamba sina taarifa, kwa hiyo ukipanda utamjibu mwenyewe.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu simu ya huko kwenu Muze hukatika kila tunapofika kwenye jambo lenyewe. Tena ulipopiga Jumatatu ya tarehe 2 ulisema kwamba maneno yangu ya redioni yanakutosha kama ushahidi. Redio yetu haifiki vizuri chini ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa, na maneno hayo uliyapata kwa watu wa mnadani. Haya ya leo nataka uyapate kwangu, kwa mwandiko wangu, uyakunje uweke mfukoni, ili siku nikiyakana unionyeshe.

Jambo lenyewe ni ghala lako la Chanji, hapa mjini. Ulisema lori la mahindi litafika Jumamosi ya tarehe 28, magunia mia moja na hamsini, na kwamba kabla ya siku hiyo mwanao Rhoda awe ametoa vyombo vyake vyote vya kurekodia. Jumatatu inayofuata aende Mpanda, kwenye duka la pembejeo la rafiki yako Adolfu, ambako umemtafutia nafasi. Ukaniambia pia jambo ambalo sikulijua: kwamba siku ya Pasaka mlikubaliana naye. Shangazi yake akiisikiliza albamu yake na kusema ni kazi, utamwachia ghala. Shangazi akisema ni mchezo, anafunga.

Kaka, ulinifanya hakimu bila kuniita mahakamani. Ningejua ningekataa. Lakini hukumu nimeshaitoa, na ilikuwa na makosa. Naomba uisome barua hii hadi mwisho kabla hujamlipa mwenye lori.

Unajua kipindi changu cha kutathmini albamu kilivyonifikia. Mtangazaji aliyekuwa nacho alihamia Mbeya mwaka juzi, na meneja wetu Bertilla akanipa mimi, mwandishi wa vikao vya halmashauri na bei ya mahindi, akisema sifa yangu ni kukosa ushabiki. Nilimwambia sijui hip hop. Akanijibu kwamba hata bajeti ya halmashauri sikuijua siku ya kwanza. Basi nikajifunza hip hop kama nilivyojifunza bajeti, mstari kwa mstari. Kila albamu naisikiliza mara tatu: mara ya kwanza maneno, ya pili biti, ya tatu jinsi hivyo viwili vinavyoishi pamoja. Naandika dakika na sekunde. Vijana wa mjini wananiita Mama Sekunde, na wanadhani sijui.

Albamu ya Mboje inaitwa Mpaka wa Shamba. Ina nyimbo tisa, dakika thelathini na nne. Mboje ana miaka ishirini na minne, ni wa zile familia za wafugaji zilizohamia kutoka Shinyanga na kukaa ng'ambo ya mto hapohapo Muze. Humhitaji nikutambulishe. Ng'ombe walioingia kwenye mahindi yako mwaka juzi ni wa baba yake mdogo, na mlimalizana kwenye baraza la kijiji, ingawa najua moyoni hukumaliza. Mistari yote ni ya Mboje. Biti, kurekodi na kuchanganya sauti, yote ni kazi ya Rhoda, ndani ya ghala lako.

Tathmini niliirekodi Ijumaa, tarehe 30 Agosti, kwenye kile chumba chetu kidogo cha kuhariri, ikarushwa kesho yake mchana. Mimi Jumamosi hiyo nilikuwa kwenye kikao Laela, kwa hiyo sikuisikia ikiruka. Nakunukulia kutoka kwenye karatasi niliyosomea, ili usitegemee tena watu wa mnadani. Kwanza nilisema sauti ya albamu haina usawa: nyimbo tano za mwanzo ziko karibu na sikio, nne za mwisho zina mwangwi kama darasa siku ya likizo. Halafu nikasema Mboje anaandika vizuri, lakini karibu kila wimbo anauliza swali kisha ananyamaza sekunde mbili au tatu huku ngoma ikiendelea peke yake. Nikayaita hayo mashimo. Nikasema mtayarishaji aliyeachia mashimo kumi na saba kwenye albamu moja hajamaliza kazi. Mwisho nikasema hivi, neno kwa neno: "Huyu ni mfugaji anayemuuliza mkulima maswali na hasubiri jibu. Anajisemea mwenyewe." Nikaipa alama tatu kati ya kumi.

Neno la mwisho ndilo lililokufikia Muze kabla ya yote. Uliponipigia ulicheka kwa mara ya kwanza tangu ng'ombe wale, ukasema hata redio sasa imewaona, watu hao hujisemea wenyewe. Nilikuacha ucheke. Na hilo nalo liandike.

Jumatatu hiyohiyo niliposoma ujumbe wa wasikilizaji, wawili walikuwa wameandika jambo la ajabu. Mmoja wa Kizwite aliuliza kama wale wanawake wanaoitika kwenye nyimbo ni majini, maana wote mtaani wamewasikia isipokuwa Mama Sekunde. Mwingine aliandika tu kwamba labda sikio langu moja limelala. Nilichukulia ni utani wa mashabiki. Wiki moja kabla ya hapo mmoja alikuwa amenishauri nirudi kwenye bei ya mahindi, akaongeza kwamba hata mahindi yenyewe yananionea huruma. Nikafuta jumbe zote mbili za siku hiyo.

Alhamisi tarehe 5 Mboje alikuja ofisini. Nilimtarajia kijana wa kelele, na nilishamwambia mlinzi asikae mbali. Alivua kofia, akaniamkia, akakataa kiti. Alisema hakuja kugombana, maana alama ni zangu na naweza kumpa hata sifuri. Alikuja kwa ajili ya mama yake tu. Jumamosi ile alikuwa amempandisha mama yake kutoka bondeni, akamketisha kwa ndugu zao hapa mjini, akamwekea redio mapajani ili asikie mwanawe akitajwa. Mama akasikiliza. Wimbo wa pili ulipopigwa akajisikia mwenyewe anaitika, akapiga vigelegele, jirani wakaja. Kisha akanisikia mimi nikisema hapo hapana mtu. Akamuuliza mwanawe maana yake nini. Ni kwamba sauti yake ni mbaya kiasi cha mtu wa redio kuikana, au ni kwamba Msukuma akiongea Sumbawanga haandikwi?

Mboje akaniambia jibu lolote nitakalompa atalipeleka lilivyo. Mimi nilimwambia sijamsikia mwanamke yeyote kwenye albamu ile. Akanitazama muda mrefu kuliko ilivyo adabu, akasema, "Basi shangazi, albamu uliyoisikiliza siyo yangu." Akavaa kofia, akaondoka.

Ijumaa nilikwenda Chanji. Rhoda alikuwa ghalani anakunja nyaya. Alikuwa ameshaanza kutii agizo lako. Aliniamkia bila kuinua kichwa, akauliza kama shangazi alikuwa anapita tu au amekuja kuhesabu mashimo mengine, maana kwenye ukuta wa nyuma kuna mawili ya panya hayajaandikwa. Nilistahili. Nikamwambia anipigie wimbo wa nne. Akanipa hedifoni, akaniuliza kama najua ipi ni ya kushoto.

Wimbo wa nne unaitwa Maji Yako Mbele, na unasimulia usiku ule wa shamba lako, kaka. Mboje hajitetei. Anaeleza ng'ombe wasiokunywa siku mbili, jua, mto uliokuwa upande wa pili wa mahindi, na yeye akiwa na fimbo moja mbele ya wanyama arobaini. Kisha anauliza, "Ungekuwa mimi, ungefanyaje?" Kwenye karatasi yangu hapo pameandikwa shimo, dakika ya kwanza na sekunde ya kumi na mbili, urefu sekunde tatu. Safari hii kwenye sekunde hiyo mwanamke alinijibu kwenye sikio la kushoto, karibu kabisa, bila hasira na bila kupaza sauti: "Ungepiga hodi. Ningekuonyesha njia."

Nilisikiliza albamu yote nikiwa nimekaa juu ya ndoo. Mashimo kumi na saba yote yana watu. Ni wanawake sita, watatu wa upande wetu na watatu wa upande wa akina Mboje, na kila swali lina jibu. Majibu mengine ni makali. Kwenye wimbo wa saba mmoja anamwambia Mboje kwamba kama ng'ombe ni watoto wake, basi awavike sare wapelekwe shule. Rhoda amemweka Mboje katikati na kulia, na wanawake wote kushoto peke yake, hata chembe ya sauti zao haivuki. Nilimuuliza kwa nini. Alisema ni watu waliosimama kwenye mpaka wa shamba, mmoja huku na mwingine kule. Angewachanganya pamoja, mpaka usingeonekana.

Nikamuuliza pia kuhusu mwangwi. Alisogeza trei za mayai alizozibandika ukutani, akanionyesha alama za penseli, moja juu ya nyingine, kila moja na namba. Wimbo wa kwanza ulirekodiwa Julai mwaka jana, ghala likiwa limejaa, na alama yake iko juu ya kichwa changu. Magunia yalikuwa yanameza sauti. Wa tano ulirekodiwa Oktoba, alama iko kifuani. Ukauza, ukauza tena. Wa tisa ulirekodiwa Februari, ambapo alama iko kwenye kifundo cha mguu. Nyimbo tano za karibu na nne za mwangwi zilitoka chumba kimoja, kipaza sauti kilekile, kilichofungwa kwenye mpini wa jembe palepale. Kilichobadilika ni mahindi tu. Alikuwa ameniandikia maelezo hayo kwenye jalada la albamu, mistari minne. Sikuyasoma, kwa sababu nina kanuni ya kutosoma majalada ili msanii asinielekeze cha kusikia.

Nilitoka Chanji nikaenda moja kwa moja ofisini, kwenye kile chumba cha kuhariri. Niliweka wimbo wa nne, nikaweka kiganja kwenye spika ya kulia. Inatetemeka. Nikaweka kwenye ya kushoto. Kimya, kama meza. Kompyuta ilikuwa inapeleka pande zote mbili kwenye mtambo wa kurushia matangazo, ndiyo maana mji mzima ulisikia wanawake. Mtu pekee mkoani Rukwa aliyesikiliza nusu ya albamu ile ni yule aliyeitolea hukumu.

Jumamosi iliyopita, tarehe 14, nilisoma marekebisho hewani. Yalichukua dakika tisa. Nilipiga majibu yote kumi na saba, moja baada ya jingine, nikitaja wimbo, dakika na sekunde. Nilifuta maneno yale ya mfugaji anayejisemea, nikasema kwamba kinyume chake ndicho kweli: sijawahi kupewa albamu ambayo mwenye kipaza sauti anakubali kujibiwa mara kumi na saba, na mara kadhaa kushindwa. Mama yake Mboje nilimtaja kwa heshima yake na kumwomba radhi. Alama ya tatu nimeifuta. Mpya sikutoa, kwa kuwa mimi na mtayarishaji ni ndugu, na sasa kila mtu anajua.

Usidhani nimegeuka kuwa mpiga debe wa mwanao. Wimbo wa nane bado ni dhaifu. Biti yake ni ya wimbo wa pili iliyovalishwa koti, na Rhoda mwenyewe alikubali kwamba siku hiyo umeme ulikuwa unakatika na alitaka kumaliza. Ngoma ya chini kwenye wimbo wa tatu inamfunika Mboje mistari miwili mizima. Mwangwi wa nyimbo za mwisho bado ni kasoro, maana sikio la msikilizaji halijui habari za mahindi yako. Isipokuwa wa tisa. Pale Mboje anawaita ng'ombe mmoja mmoja kwa majina kwenye ghala tupu, na nafasi ile tupu inafanya kazi ambayo mtayarishaji wa mjini angeitafuta kwa mashine wiki nzima. Nimeuliza kama aliukusudia. Rhoda alisema aliuacha wimbo huo makusudi, miezi mitatu, akisubiri gunia la mwisho litoke. Mchezo hausubiri gunia litoke, kaka. Hiyo ni kazi.

Sasa nije kwenye lori lako. Nilirudi Chanji Jumapili na futi ya fundi. Ghala lina mita tano kwa nne. Ukilaza magunia kichwa kikielekea ukutani, juu ya mbao, ukaacha nafasi ya kiganja ukutani ili unyevu usipande, kuta tatu zinabeba magunia mia moja na hamsini kwa safu nane kwenda juu. Katikati inabaki nafasi ya mita mbili kwa nne, wazi hadi mlangoni. Meza ya Rhoda ina mita moja na nusu. Nyaya amezipitisha darini ndani ya mabomba, na fundi mitambo wetu, Flavian, amekuja kuzikagua akasema ni salama kuliko za ofisini kwetu, jambo ambalo kwa sasa si sifa kubwa.

Kwa hiyo yale uliyotaka kuyaleta ili kumtoa ndiyo hasa anayoyahitaji ili abaki. Hakuna anayekuomba uchague kati ya mahindi na studio. Leta magunia. Ninachokuomba ni mambo mawili: asiende Mpanda, na ukiuza uanze na yaliyo karibu na mlango, yale ya ukuta wa nyuma yatoke mwisho. Kwaya ya kigango cha Milanzi imeshaomba kurekodi nyimbo sita mara ghala likijaa. Mboje ana albamu ya pili nusu, na wanawake watatu wa huko kwenu Muze wametuma salamu kwamba wana majibu ambayo hayakupata nafasi.

Hapo ningeweza kufunga barua, na ingekuwa barua nzuri. Lakini kuna kitu nilichokipanga vibaya kwa makusudi, na miaka ishirini na miwili ya kazi hii hainiruhusu kukiacha hivyo.

Hapo juu nimeandika kwamba niliigusa spika ya kushoto nikaikuta kimya. Ni kweli niliigusa. Si kweli kwamba ndipo nilipojua. Nilijua tangu Aprili. Flavian aliniambia wiki ya pili baada ya Pasaka kwamba imekufa na kwamba ya kubadilisha itachelewa, na nilisaini kwenye daftari la hitilafu. Saini yangu ipo, nimeiangalia tena jana. Niliona si tatizo. Mimi ni mtu wa habari: mkuu wa idara akizungumza, spika moja inamtosha. Nilitathmini albamu kumi na moja kwa spika hiyo moja na hakuna aliyelalamika, nikajiaminisha kwamba muziki nao ni kama mkuu wa idara.

Kuna lingine lililonisumbua zaidi. Kwenye karatasi yangu ya Ijumaa ile, pembeni ya shimo la kwanza, nimeandika kwa mkono wangu: "Anamuuliza nani? Muulize Rhoda." Nilishika simu. Kisha nikafikiria watu watakavyosema, kwamba shangazi anampigia mwanawe simu kabla ya kipindi, kwamba kwa Mama Sekunde ukoo una alama za bure. Nikaiweka simu chini. Msanii yeyote mwingine ningempigia. Nimewahi kumpigia kijana wa Kigoma nisiyemjua kumuuliza kuhusu sekunde nne tu. Rhoda nilimnyima swali ambalo ningempa mgeni, ili mimi nionekane mtu wa haki. Na nilipomaliza kusoma alama tatu kati ya kumi nilijisikia vizuri. Nilijiona nimesimama wima.

Hata baada ya kujua, Jumamosi ya tarehe 7 ilipita na nikatathmini albamu ya watu wengine kana kwamba hakuna kilichotokea, tena ndani ya chumba kilekile. Bertilla nilimwambia Jumatatu ya tarehe 9. Aliomba daftari la hitilafu, akatazama saini, akaniuliza kama mtumishi wa halmashauri angefanya hivyo ningeandika habari ya ukurasa gani. Nikamwambia wa mbele. Haya yote niliyasema hewani pia, ndani ya zile dakika tisa. Ameniondoa kwenye kipindi kwa wiki nne, na ni sawa. Spika mpya ilifungwa jana. Baada ya wiki nne nitazirudia albamu zote kumi na moja kuanzia mwanzo, kwa pande zote mbili.

Rhoda nimemwambia ana kwa ana. Aliendelea kukunja waya hadi mwisho, akauweka chini, akasema angalau sasa najua kushoto ni wapi. Kisha akanipa uji. Sijui kama ndiyo msamaha wenyewe, lakini uji ulikuwa na sukari.

Basi kaka, kama ulitaka hakimu asiyependelea, huyu uliyempata alipendelea jina lake mwenyewe. Hukumu ile usiitumie. Sikiliza mwenyewe, uamue mwenyewe, na ukiamua tofauti na mimi nitaheshimu, mradi uwe umesikiliza.

Barua hii anakuletea Cleophas, anayeshuka Alhamisi kuchukua mpunga. Ndani ya bahasha utakuta memori kadi yenye nyimbo zote tisa, ambayo inaingia kwenye simu yako ya sasa, Cleophas atakuonyesha. Kwenye mfuko mdogo kuna hedifoni. Nimezijaribu mara tatu, pande zote mbili zinafanya kazi. Ile yenye uzi mwekundu ni ya kushoto.

Anza na wimbo wa nne. Wifi Fransiska ameniomba nisikutajie ni nani anayejibu pale kwenye dakika ya kwanza na sekunde ya kumi na mbili. Amesema mkishakaa nyumba moja miaka ishirini na sita, hiyo haipaswi kukupa taabu. Amesema pia kwamba alichokijibu mle ndani ndicho alichotaka kukisema siku ile ya baraza, lakini hakuna aliyemuuliza.

Wasalimie wote hapo nyumbani na majirani wa pande zote mbili za mto. Mguu ufunge dawa. Tutakutana tarehe 28 mlangoni pa ghala. Nitakuja na futi, na kilemba cha kujifunga kichwani, maana nimeahidi kubeba magunia.

Mdogo wako akupendaye,
Evodia